Kiboko Wako Naye Aonekane: Kutoka Kumi Hadi Moja

Simama ufuoni Kamere Jumamosi asubuhi uone simu zinavyochapa kazi. Kiboko akitoa masikio tu juu ya maji, simu zote za mashua ziko hewani. Furukombe akishuka kudaka samaki, hata nahodha anashika usukani kwa mkono mmoja ili wa pili upige picha. Nasema bila kusita: katika Bonde la Ufa hakuna mji unaopenda kupiga picha kama Naivasha. Halafu mtu wa Nairobi anayepanga wikendi yake anaandika Google "mashua Naivasha", anafungua upande wa picha, na wewe uliyeamka saa kumi na moja alfajiri ili uliwahi jua likichomoza upande wa Kinangop, humo ndani huna hata unyoya.

Jambo hilo linaniuma. Picha unazo, tena za kweli. Kinachokosekana ni kuzitambulisha kwa injini ya utafutaji, ambayo ni mgeni asiye na macho kama yetu: huambulia kidogo kwa kutazama na kingi kwa kuambiwa. Juzi niliketi na nahodha mmoja tukaipitia tovuti yake picha kwa picha. Haya ndiyo tuliyoyatengeneza, kuanzia dogo kwenda kubwa. Jaketi lako la kuokolea livae sasa, tunaondoka.

10. Heroe wa kuazima

Tovuti ilifunguka na heroe kwa maelfu, waridi tupu, wamesimama majini. Picha tamu.

"Nahodha, hawa mlikutana wapi?"

"Kwa mtandao, bosi."

Ziwa Naivasha ni la maji baridi. Heroe wana maziwa yao ya magadi, Bogoria, Elmenteita na Nakuru, kwa sababu huko ndiko kunakoota mwani wanaoula. Mgeni akija kwa ajili ya picha ile atalipa nauli ya mashua, atazungushwa ziwa zima, atakutana na viboko, na kiboko hasimami kwa mguu mmoja hata umbembeleze vipi.

Kwa upande wa Google hasara ni ileile. Picha iliyokwisha kutumiwa na tovuti mia haina sababu ya kuonyeshwa kutoka kwako. Tena tangu Google ilipoleta utafutaji kwa kutumia picha mwaka 2011, mgeni anaweza kuielekeza picha yako kwenye utafutaji na kuona mahali pengine ilikotumika. Tulimwondoa heroe, tukaweka kiboko wa nahodha mwenyewe, mwenye kovu begani. Kovu hilo halipo kwenye tovuti ya mtu mwingine yeyote duniani.

9. Ufuo uliomezwa

Nahodha alikuwa na picha nzuri ya gati lake, nyasi kijani, wageni wamekaa kwenye viti. Maji yalipopanda mwaka 2020 na kuingia hadi majumbani kule Kihoto, gati lile lilizama. Picha ilibaki kavu.

Ukibadilisha picha ya zamani, usiifute tu ile anwani yake ikabaki shimo. Elekeza anwani ya zamani kwenye mpya. Google hurudi kutazama picha mara chache kuliko inavyorudi kutazama maandishi, na ikija ikakuta mlango umefungwa, inaondoka na kila sifa uliyokuwa umeshachuma.

8. Jina la kwenye kitambulisho

IMG-20240331-WA0012.jpg. Hilo ndilo jina aliloipa picha yake bora ya Safari Rally. Jina linataja siku, Machi 31, 2024, na linataja mshenga aliyeileta, yaani WhatsApp. Gari halimo. Hell's Gate haimo. Ni kama kumpeleka mtoto shule ukamwandikisha kwa jina la matatu iliyomleta.

Jina la faili ni miongoni mwa vitu ambavyo Google husoma ili kujua picha inahusu nini. Tuliibadilisha ikawa safari-rally-hells-gate-2024.jpg. Herufi ndogo, vistari vifupi kati ya maneno, na basi. Usitumie nafasi tupu wala mistari ya chini, na usimimine kamusi nzima humo. Maneno matatu au manne yanatosha. Fanya hivyo kabla ya kuipakia, maana kubadilisha jina baadaye ni kubadilisha anwani, na hapo unarudi kwenye namba 9.

Na kwa kuwa tumeshaitaja WhatsApp: picha ikipita humo kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na ubora. Manyoya ya furukombe yanageuka uji. Mpigapicha wako akikutumia, mwambie aitume kama hati, si kama picha. Hapo itafika ilivyo, wewe ndiye utakayeamua kiasi cha kuipunguza.

7. Bango linalopiga kelele kimya

Hili limeenea kuanzia Karagita hadi Nakuru mjini. Mtu anaenda saiba, anatengenezewa bango zuri lenye bei, saa za kufungua, nambari ya simu na nambari ya M-Pesa, vyote vimepigwa juu ya picha ya twiga. Analipakia, anaridhika, amemaliza.

Sasa jaribu kubonyeza ile nambari ya simu. Bonyeza tena. Twiga hapokei.

Maandishi yaliyo ndani ya picha hayabonyezeki wala hayapanuki vizuri kwenye simu ndogo, na kwa mtu asiyeona ni kama hayapo. Google hujitahidi kuyasoma, lakini kwa nini umpe mgeni fumbo wakati unaweza kumpa jibu? Bei ziandikwe kwenye ukurasa kama maandishi. Nambari iwekwe kama kiungo cha kupiga. Bango lipeleke barabarani, Moi South Lake, huko ndiko kwao.

6. Gunia la viazi

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo wageni wengi wanapozama.

Simu nyingi za siku hizi hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na faili yake inaweza kufika megabaiti 4. Kioo cha simu ya mgeni kinatosheka na pikseli elfu moja na kidogo kwa upana. Kwa hiyo mtu ameagiza sahani ya chipsi, wewe unamshushia gunia zima la viazi kutoka Kinangop. Na nauli ya gunia analipa yeye, kwa bando lake.

Tupige hesabu. Mgeni yuko ndani ya matatu anateremka Maai Mahiu, mtandao unampa megabiti 2 kwa sekunde. Megabaiti 4 ni megabiti 32. Picha moja, sekunde 16. Ukurasa wa nahodha ulikuwa na picha kumi za aina hiyo, jumla sekunde 160, yaani dakika mbili na sekunde arobaini. Kiboko anaweza kubana pumzi chini ya maji kwa dakika kama tano. Mgeni hana mapafu hayo. Ataibuka kwenye tovuti ya jirani.

Tulichukua picha ya kiboko tukaipunguza upana hadi pikseli 1200, kisha tukaibana. Tulitumia Squoosh, kifaa cha bure kinachofanya kazi ndani ya kivinjari. Picha haiondoki kwenye mashine yako. Kina mstari katikati ya kioo: kushoto picha ya mwanzo, kulia iliyobanwa, na unausogeza mstari huku na huku ukilinganisha. Nahodha aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alikuwa anatazama zile nywele ngumu chache za mdomoni mwa kiboko. Tuliposhusha ubora hadi 80, nywele zilikuwepo. Kwenye 75, zipo. Kwenye 40 zilianza kuungana na maji, akasema, "Hapana, hapo umemnyoa." Tukarudi 75.

Faili ilishuka hadi karibu kilobaiti 200. Kwa mtandao uleule wa Maai Mahiu, picha hiyo hufika chini ya sekunde moja. Nywele zote ziko mahali pake.

Ukiwa na fundi, mwambie aweke picha moja kwa saizi mbili au tatu, kivinjari kijichagulie inayolingana na kioo. Mwenye kompyuta kubwa apate kubwa, mwenye simu apate ndogo, kila mtu na sahani yake.

5. Badilisha gunia lenyewe

JPEG ni mzee wa heshima, kiwango chake kilitoka 1992. Google ilitangaza WebP mwaka 2010, na kwa vipimo vyake yenyewe picha hiyohiyo kwa ubora uleule hupungua kwa asilimia 25 hadi 34. Vivinjari vya leo vinaifungua bila shida. Squoosh inakugeuzia kwa kubofya mara moja. Umemaliza, twende.

4. Gauni la kijani na bafu lako

Februari 2000 Jennifer Lopez alitokea kwenye tuzo za Grammy amevaa gauni la kijani la Versace. Watu wakakimbilia Google. Eric Schmidt, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, alieleza baadaye kwamba halikuwahi kutafutwa jambo kwa wingi kama lile, na Google haikuwa na namna ya kuwapa watu walichokitaka: ilikuwa na viungo vya kusoma, na wao hawakutaka kusoma, walitaka kuliona gauni. Julai 2001 utafutaji wa picha ulizinduliwa, ukiwa na picha zipatazo milioni 250.

Sasa wewe mwenye nyumba ya wageni, gauni lako ni lipi? Nakwambia: ni bafu. Umeweka picha tisa za machweo na mgeni bado hajui kama kuna maji ya moto. Anataka kuona bomba, anataka kuona kitanda kina neti, anataka kuona lango ili dereva asipite, anataka kuona gari litalala wapi. Mwenye baiskeli za kukodisha kwenda Hell's Gate, tuonyeshe breki na saizi za watoto! Mnara wa Fischer tumeuona, hauhami.

Kisha kila picha ikae karibu na maneno yanayoihusu. Picha ya bafu ikae chini ya aya inayoeleza bafu, na maelezo mafupi chini yake. Google hutumia maandishi yaliyo jirani na picha, maelezo yake na kichwa cha ukurasa ili kuielewa. Ukizitupa picha sitini kwenye ukurasa mmoja usio na neno hata moja, umefungua soko la mitumba: vitu vizuri vimo, lakini nani atafukua?

3. Nani akae mbele

Mambo matatu ya kumwambia fundi wako, na umwambie ukimtazama machoni.

Picha muhimu isiwekwe kama pambo la mandharinyuma. Google haiorodheshi picha zinazoingizwa kwa njia ya mitindo ya CSS. Inasoma zile zilizowekwa kwa alama ya img. Nahodha alikuwa ameificha mashua yake nzima humo, na mashua ile ina injini mbili.

Pili, kuna mtindo mzuri wa kuchelewesha picha mpaka msomaji azifikie akishuka chini ya ukurasa. Utumie kwa zile za chini. Usiutumie kwa ile kubwa ya juu kabisa, maana hiyo ndiyo mgeni anayoingojea, na Google hupima kitu kikubwa cha kwanza kinafika baada ya muda gani: ndani ya sekunde 2.5 ni vizuri. Kuichelewesha picha ya mlangoni ni kumwambia mgeni asubiri nje huku umesimama na ufunguo.

Tatu, kila picha itajiwe upana na urefu wake kwenye msimbo. Umewahi kutaka kubonyeza "Weka nafasi", picha ikafika kwa kishindo, ukurasa ukateleza, kidole kikaangukia "Ghairi"? Basi ni hilo. Kivinjari kikiambiwa vipimo mapema, kinaacha nafasi na hakuna kinachosukumwa. Hili nalo Google hulipima.

2. Faili inayojua mengi mno

Hapa naomba tupunguze kelele kidogo.

Picha inayotoka kwenye simu hubeba ndani yake tarehe, aina ya simu na, kama umewasha huduma ya mahali, nukta kamili ya ramani uliposimama. Kwa kiboko si neno. Kila mtu anajua anapokaa. Lakini mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa ni Hifadhi ya Ziwa Nakuru, penye vifaru weusi na weupe, na kifaru ana adui anayejua kutumia kompyuta. Waongoza watalii wetu huenda na wageni huko wiki hii na kurudi na picha wiki hii. Picha ya kifaru iliyopakiwa na ramani yake ndani ni barua iliyoandikwa kwa mwindaji haramu. Iondoe. Programu nyingi za kubana picha huiondoa, lakini hakikisha kwa macho yako kabla ya kupakia. Na ukiwa na nyumba unayoishi na watoto, huku vyumba viwili ukikodisha, fanya vilevile kwa picha za nyumbani.

Wapo watakaokuja kukuuzia huduma ya kupachika nukta za ramani kwenye picha ili upande Google. Pesa hiyo nunulia petroli ya mashua. Mahali patajwe kwa maneno: Kamere, Ziwa Naivasha, Kaunti ya Nakuru. Unachopaswa kukiacha ndani ya faili ni jina lako kama mpigaji na haki yako ya picha. Google inaweza kulionyesha jina hilo kando ya picha, na jasho ni lako.

1. Mwambie asiyeona

Tumefika. Hii peke yake, hata kama zile tisa zimekushinda, ifanye leo.

Kila picha kwenye tovuti ina nafasi ya maandishi mbadala, yale yanayoandikwa kwenye sifa iitwayo alt. Nafasi hiyo imo kwenye kanuni za HTML tangu 1995, na Google hadi leo inayategemea sana maandishi hayo. Lakini hayakuwekwa kwa ajili ya kupanda kwenye orodha. Yapo ili picha isipofunguka, au msomaji akiwa haoni, kuwe na mtu wa kumwambia kilichopo. Simu ya asiyeona humsomea ukurasa kwa sauti. Ikifika kwenye picha husoma maandishi hayo. Yasipokuwepo, mara nyingi husoma jina la faili. Hebu fikiria mtu ameketi Gilgil, anataka kumleta mjukuu ziwani, na simu inamwambia "I M G mbili sifuri mbili nne".

Kuna watu wanaoijaza nafasi hii hivi: "Naivasha hoteli Naivasha mashua Naivasha bei nafuu Naivasha." Google imeonya waziwazi kwamba kurundika maneno namna hiyo kunaweza kuifanya tovuti ionekane ya hila. Mimi naongeza kwamba ni utovu wa heshima. Ukimwongoza kipofu sokoni, humpigii debe sikioni. Unamwambia kilicho mbele yake.

Tulibaki na picha moja, ile ya furukombe. Nahodha akaandika, "ndege".

Nikamuuliza, "Ndege gani?"

"Furukombe."

"Anafanya nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yana unyevu. "Anadaka samaki! Si unaona?"

"Mimi naona. Wa Gilgil?"

Akanyamaza, kisha akaandika kwa kidole kimoja, polepole: "Furukombe akidaka samaki mita chache kutoka kwenye mashua yetu, asubuhi, Ziwa Naivasha." Tukawasha kisoma skrini cha simu yake tusikie. Sauti ilitoka kwa lafudhi ya Kiingereza, "furukombe" ikavunjika vipande vitatu, na Naivasha nisingeitambua. Tukafungua msimbo: ukurasa ulikuwa umetangazwa kuwa wa Kiingereza. Tukabadilisha herufi mbili, en ikawa sw, maana mwenye Kiswahili naye anatafuta kwa Kiswahili na anastahili kusomewa kwa Kiswahili.

Tukaiwasha tena. Safari hii nahodha alifumba macho. Sauti ikasoma sentensi yote, kila irabu mahali pake. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akafumbua macho, akatikisa kichwa.

"Si mita chache," akasema. "Andika mita tatu. Mimi nilikuwepo."

Tukaandika mita tatu.